Mafundo Saba

Nilifika Vingunguti na bango la kukunja,
kalamu nene za rangi tatu, na karatasi ya mahudhurio
inayotaka jina, sahihi, namba ya simu.
Wakulima kumi na wanne. Viti sita, vya kuazima msibani.
Waliobaki walikalia madumu,
na madumu ndiyo yaliyokuwa somo.

Nikasema: mchicha uoshwe kwa maji safi na salama.
Nikasema: dawa ikishapigwa, siku saba, ndipo uvune.
Nikasema: mikono, sabuni, kabla ya kufunga mafungu.
Wakaitikia ndiyo kwa pamoja,
ndiyo ile ya watu wanaosubiri soda.

Sikudhani hakuitikia.
Alikuwa akichokoa matope kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti.
"Bibi shamba," akasema, "dumu la maji ya bomba mia tatu.
Fungu la mchicha, tajiri ananunua mia.
Nioshe kwa bei ya mafungu matatu
ili niuze moja lililotakata?
Hesabu hiyo walikufundishia wapi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila nilichelewa kidogo.
Nyuma yake Msimbazi ulikuwa ukipita,
mweusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni,
umebeba ndara moja, ya mguu wa kushoto.

Nikalikunja bango.

Tukaanza upya, kwa vilivyopo.
Chande akavingirisha pipa lenye kutu: maji yalale humo siku mbili,
uchafu uzame, tuchote juu polepole
bila kukiamsha kilicholala.
Mwajabu akatoboa kopo la maziwa kwa msumari:
tumwagilie shinani, jani lisiguswe.
Na siku za mwisho kabla ya kisu, mchicha ufungishwe swaumu,
jua lichome kile ambacho macho hayakioni.

Siku saba ndizo zilizotushinda.
Sikudhani hasomi; kalenda kwake ni picha ya twiga ukutani.
"Siku zote zinafanana," akasema, "isipokuwa ya kodi."
Akachana kamba ya mgomba, akapiga mafundo saba,
akaitundika kwenye kijiti, kona ya tuta.
Kila alfajiri afungue moja.
Hilo sikumfundisha mimi. Mimi niliandika tu kwenye ripoti.

Nilirudi siku ya tano, bila miadi.
Nikamkuta tajiri na pikipiki, matenga mawili,
noti zimekunjwa kati ya vidole.
Mchicha umestawi, kijani cha kumezesha mate.
"Yamebaki mawili," Sikudhani akasema.
"Mawili nini?"
Akamwonesha kamba.
Tajiri aliitazama kama mtu aliyeoneshwa hirizi,
akapiga kiki, akaenda tuta la nne,
kwa yule ambaye hakuja kwenye semina.
Tulisikia kisu kikifanya kazi, kwa haraka, kwa furaha.

Sikudhani akakaa juu ya dumu.
"Watoto leo watakula nini? Hilo kwenye bango lako lipo?"

Halikuwepo.
Nilikuwa na elfu mbili ya nauli.
Aliipokea bila asante, kama anayelipwa deni,
nami nikatembea kwa miguu mpaka Buguruni
nikiwaza kiatu, nikiwaza ripoti,
nikiwaza safu ya mwisho iliyoandikwa: Changamoto.

Ijumaa jioni nilisimama sokoni.
Mafungu yamepangwa juu ya gunia,
yote yamenyunyiziwa maji, yote yanang'aa.
"Huu umetoka wapi?"
"Shambani, mama," muuzaji akasema.

Nikaligeuza fungu, nikatazama kifungio chake:
kamba ya mgomba,
fundo moja.
Halisemi ni la siku ya ngapi.